Dhima ya Aliyeona

Kuku akiibwa mtaani, habari zake hufika kwa mwenyekiti kabla jua halijapanda. Mwenye kuku hupiga ukelele, majirani hutoka, nyayo hufuatwa hadi uchochoroni, manyoya huokotwa na kuwekwa yawe ithibati, na katika umati ule wote hapana hata mmoja amwambiaye mwenye mali anyamaze kwa kuwa mwizi huenda akawa jamaa yake. Lakini mtoto wa nyumba ya tatu akionekana siku baada ya siku na alama za waya mgongoni, au bibi kizee aliyezoea kuketi barazani kila alasiri akatoweka machoni pa watu kwa miezi, na sauti yake ikawa yasikika usiku nyuma ya mlango uliofungwa kwa nje, mtaa uleule ulioamkia kuku huinamisha macho na kusema kwamba ya nyumbani kwa mtu hayaingiliwi. Nasema kwa yakini kwamba hapa tumepotoka katika kupima thamani ya vitu na watu, na kwamba hapana sheria, wala kamati, wala mahakama itakayowafaa wanyonge wetu maadamu upotofu huu haujarekebishwa.

Rai yangu ni moja, nayo ni kwamba dhima ya kutoa habari za mateso humwangukia kila aliyeona dalili zake, hata kama hana undugu na anayeteswa, hata kama hana ushahidi wa kutosha kumtia mtu hatiani, na hata kama mshukiwa ni mtu wa staha ambaye mtaa mzima humsimamia na kumpa mkono. Dhima hii sikuibuni mimi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara, katika kifungu chake cha 95, imeweka bayana kwamba ni wajibu wa kila mwanajamii mwenye ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi, mlezi au jamaa mwenye uwezo anakataa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, kuzifikisha habari hizo kwa serikali ya mahali pale. Sheria haikuuweka mzigo huu juu ya mzazi peke yake, wala juu ya mwalimu, wala juu ya askari. Imeuweka juu ya kila mtu aishiye katika jamii, na tena imetosheka na habari bila ya kudai ushahidi uliokamilika.

Wala msomaji asidhani kwamba tunazungumza juu ya msiba wa nadra. Mwaka 2009 ulifanyika Tanzania utafiti wa taifa zima juu ya ukatili dhidi ya watoto, ambao serikali, UNICEF, Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, na chuo kikuu cha afya cha Muhimbili walishirikiana kuuandaa, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowafika kabla hawajatimiza miaka 18. Takriban wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema kwamba waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Na karibu robo tatu ya wote, wa kike kwa wa kiume, walisema kwamba waliwahi kupigwa ngumi, mateke au mijeledi, au kutishwa kwa silaha. Hayo yatosha kumtia mtu huzuni, lakini lililonishughulisha zaidi ni jingine: miongoni mwa waliofanyiwa ukatili wa kingono, ni takriban nusu tu ya wasichana, na theluthi moja tu ya wavulana, ndio waliothubutu kumwambia mtu yeyote. Basi anayengoja mtoto aje mwenyewe kusema, anangoja jambo ambalo kwa watoto wengi halitatokea kamwe. Kama ulimi wa mtoto umefungwa, hapana budi macho ya watu wazima yafunguke.

Sababu ya ulimi huo kufungwa si fumbo. Dhalimu wa mtoto aghalabu si mgeni aliyepita njia. Ni mtu aliyepewa amana. Ni mjomba aliyekuja kukaa mwezi mmoja, au mpangaji wa chumba cha uani, au kijana wa bodaboda anayempeleka mtoto shule, au mwalimu wa masomo ya ziada, au ustadhi, au kiongozi wa kwaya, na mara nyingine, Mungu atuhifadhi, ni baba mzazi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu huyu, kabla hajamhadaa mtoto, huwa amekwisha kuwahadaa wakubwa wake kwa ukarimu na utumishi, akawa mwepesi wa kukopesha na wa kwanza kufika msibani, hata siku mtoto atakapofumbua kinywa kusema, watu wote watamwona mtoto ndiye mwongo. Mtoto naye hulijua hilo. Ameambiwa kwamba akisema hataaminiwa, au mama yake ataachwa, au yeye mwenyewe ndiye atakayepigwa, na katika tajiriba yake fupi ya dunia hajaona bado sababu ya kuamini kinyume chake.

Kwa hiyo na tuzijue dalili, na tuzijue kwa upambanuzi. Mtoto anayecheza huanguka, na anayeanguka huumia magotini, viwikoni, kwenye miguu mbele na kwenye paji la uso. Lakini michubuko ya mgongoni, ya masikioni, ya mapaja kwa ndani na ya juu ya mikono pale mtu anapokamatwa, ni nadra kuja kwa mchezo. Alama ya waya au mshipi huacha umbo lake ngozini, na mtoto aliyezamishwa mkono au mguu katika maji ya moto huwa na mpaka wa kuungua ulionyooka kama aliyevaa soksi, ilhali aliyemwagikiwa kwa bahati mbaya huungua kwa vipande visivyolingana. Sikilizeni pia maelezo yanayotolewa: yakibadilika kila yanapoulizwa, au yakiwa hayalingani na umri wa mtoto, kama vile kusema kwamba kichanga asiyejua hata kujigeuza ameanguka kitandani mwenyewe, hapo pana jambo. Katika maovu ya kingono, dalili za mwilini huwa chache na mara nyingi hazipo kabisa: mtoto anayetembea kwa taabu au kuona maumivu akijisaidia, damu au uchafu katika nguo za ndani, na kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekwisha kuacha. Zilizo nyingi ni dalili za tabia. Mtoto mchangamfu hunyamaa. Aliyependa kwenda madrasa hulia kila alasiri inapokaribia. Humwogopa mtu mmoja mahsusi na kutafuta kila hila asiachwe naye. Huwa na fedha, simu au peremende asizoweza kueleza zimetoka wapi. Hujua na kutenda mambo ya watu wazima ambayo umri wake haukupasa kuyajua. Dalili moja peke yake haimhukumu mtu, kwani mtoto huweza kunyamaa kwa kufiwa na rafiki au kwa homa. Ila dalili mbili tatu zikikutana, aliyeziona hana tena udhuru wa kusema hakujua.

Wako watoto ambao hata dalili hizi hazionwi kwa sababu hapana mtu anayewatazama kama watoto. Msichana wa miaka 13 anayeletwa mjini kutoka mikoa ya bara kwa ahadi ya kusomeshwa, akaishia kulea watoto wa wenziwe, kuamka wa kwanza na kulala wa mwisho, asipokee mshahara kwa kuwa unasemekana unawekwa au unatumwa kwao, huyu kisheria ni mtoto sawa na wale anaowabeba mgongoni. Hana shule ambako mwalimu angeona jeraha lake, hana shangazi jirani wa kumpelekea mashitaka, na mara nyingi hana simu. Macho pekee yaliyobaki ni ya wale wanaomwona bombani, gengeni na dukani. Mwenye duka anayemuuzia chumvi kila siku huenda akawa ndiye mtu mzima wa pekee nje ya nyumba ile anayeweza kugundua kwamba mkono wake umevimba, na kwamba anapoulizwa hujibu huku akitazama nyuma.

Najua litakalosemwa: kwamba mtoto hafunzwi bila ya kiboko, na kwamba maneno haya yanaleta watoto wasio na adabu. Mimi sisemi dhidi ya adabu. Nasema kwamba hata sheria, ambayo haijaiondoa fimbo shuleni, imeiwekea mpaka: kanuni za elimu za Tanzania Bara za mwaka 2002 zinasema kwamba fimbo zisizidi 4, zitolewe na mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na ziandikwe katika kitabu, na kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto kinasema kwamba hapana adhabu iliyo halali ikiwa imepita kiasi kwa namna yake au kwa wingi wake ikilinganishwa na umri wa mtoto na hali ya mwili na akili yake. Anayemchoma mtoto vidole kwa kijiko cha moto kwa sababu ya kipande cha nyama hamfunzi adabu. Amemtesa, na wanaomtetea kwa jina la malezi wanaliharibu jina la malezi.

Upande wa pili wa jambo hili husemwa kidogo zaidi, nao ni mateso ya watu wazima wasioweza kujitetea: wazee, walemavu, na wagonjwa wa akili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani mtu 1 katika kila watu 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, miongoni mwa wanaoishi majumbani, hufanyiwa uovu wa namna fulani ndani ya mwaka mmoja. Sisi tumezoea kujisifu kwamba kwetu wazee hutunzwa, na kwa wengi hilo ni kweli na ni fahari. Lakini fahari hiyohiyo imetuzuia kuwatazama wale ambao hawatunzwi. Mzee anayefungwa kwa kamba huwa na alama vifundoni mwa mikono. Aliyeachwa kitandani bila ya kugeuzwa huota vidonda mgongoni na nyongani. Mwenye njaa hukonda ilhali waliomo nyumbani wananenepa. Na mlezi mwenye la kuficha hamwachi mzee akazungumza faragha na mtu. Mgeni humuuliza mzee, akajibu mlezi.

Wizi wa mali ya wazee ndio uliofichika kuliko yote, kwa kuwa hauna jeraha. Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mkazi aliyefika miaka 70 amewekewa Pensheni Jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na ni jambo la heri lililowainua wengi. Lakini shilingi hizo chache zinaweza kumfikia mzee mkononi na kutoka mkononi mwake palepale penye kiti cha malipo, zikapokewa na mjukuu aliyemsindikiza, naye mzee asijue bei ya sukari tangu mwaka ulipoanza. Vivyo hivyo hati ya shamba: mzee asiyeona vizuri huwekewa wino kidoleni, akaambiwa ni karatasi ya dawa, na baada ya miezi mitatu anapata habari kwamba minazi si yake. Sheha, mjumbe, wakili, na mfanyakazi wa benki wanaosimamia mambo haya wana wajibu wa kumtenga mzee kando kwa dakika tano, wamuulize yeye mwenyewe anataka nini, na wajibiwe naye.

Na pale tamaa ya ardhi inapokutana na imani ya uchawi, wizi hugeuka mauaji. Katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wazee wenye mvi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi walioinua panga ni jamaa zao wenyewe wenye haja na shamba. Hata wako wazee waliolazimika kupaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisionekane, na wengine wakakimbilia Kaya Godoma, upande wa Ganze, kutafuta hifadhi. Usukumani, nchini Tanzania, macho mekundu ya ajuza aliyepikia miaka na miaka kwenye moshi wa kuni na samadi kavu yamefanywa ithibati ya uchawi, na damu ikamwagwa kwa ithibati hiyo. Mauaji ya namna hii aghalabu hayaanzi kwa panga. Huanza kwa minong'ono msibani, kisha barua ya vitisho mlangoni, kisha mifugo ya mzee hukatwa, kisha watoto hukatazwa kupita kwake. Kila moja katika hayo ni habari inayopasa kufikishwa kwa mamlaka siku ileile, kabla damu haijamwagika. Na aliyeisikia minong'ono akaipokea kama umbea wa kawaida, amekuwa na taarifa ya mauaji mikononi mwake asijue.

Mlemavu hupatwa na msiba juu ya msiba. Mtoto kiziwi aliyenajisiwa hawezi kumsimulia mama asiyejua lugha ya alama, na akifika kituoni bila ya mkalimani huandikwa kwamba hana maelezo. Kijana mwenye ulemavu wa akili hufungiwa chumbani kwa miaka, jamaa wakisema ni kwa usalama wake, na wageni wakija hawaambiwi kwamba yumo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ya Tanzania Bara imewatambua kuwa na haki sawa na wengine, lakini haki iliyofungiwa chumbani haina wa kuidai isipokuwa jirani anayejua kwamba nyumba ile ina watu sita na kila siku huonekana watano.

Sasa na niseme juu ya kinachotunyamazisha. Watu wa pwani wana haya na wana muhali, na jamaa wengi wa bara pia wana mlahaka wao wa namna hiyo. Ni sifa njema zinazofanya watu waishi pamoja kwa miaka bila ya kuvunjiana heshima. Tumefundishwa pia kusitiri, na kumsitiri mja ni ibada. Lakini sitara ni haki ya aliyedhulumiwa: asianikwe, asitajwe jina, asifanywe hadithi ya barazani. Ajabu ni kwamba sisi tumemnyang'anya yeye na kumpa aliyemdhulumu. Wazee wa pande mbili hukutana sebuleni, mikeka hutandikwa, kahawa hutiwa, na jambo hilo humalizwa kifamilia: mshitakiwa hutoa fedha au mbuzi, huapa hatarudia, na baba wa mtoto hupeana naye mkono. Mtoto mwenyewe hayupo sebuleni, wala hakuulizwa. Kesho yake atakutana na mtu yuleyule njiani, huru na mwenye tabasamu, na atajua thamani aliyopangiwa. Aliyetenda naye amejifunza kitu: kwamba bei inajulikana na inalipika. Basi suluhu ya namna hii haimalizi kitu. Humwandalia dhalimu mtoto wa pili. Wanaoisimamia, hata wakiwa na kilemba au kola ya kasisi, hata wakiwa na mhuri wa mtaa, wahesabiwe kuwa washiriki katika kuificha jinai.

Swali lililo gumu kweli si hilo la aibu. Ni la tumbo. Mke agundue kwamba mumewe, mlipa kodi ya chumba na mwenye kuleta unga, ndiye anayemharibu mwanawe; na sheria ya Tanzania Bara inasema kwamba kosa la kubaka adhabu yake haipungui miaka 30, na kama mtoto hajafika miaka 10 ni kifungo cha maisha. Mama huyu akisema, watoto wanne watalala na njaa kuanzia jioni ile, na nduguze mume watamfukuza. Mimi sithubutu kumlaumu kwa wepesi. Namwambia hata hivyo aseme, kwa kuwa njaa ina dawa na kinachotendeka chumbani mle kila usiku hakina dawa isipokuwa kukatishwa. Na namwambia yule anayemsikia kwamba wajibu wetu haukomi kwenye kumsukuma hadi kituoni. Msikiti wenye mfuko wa zaka na kanisa lenye sadaka, kikundi cha kuweka na kukopa, na idara ya ustawi wa jamii, wamtie mama huyu katika hesabu yao mwezi ule ule. Jamii inayomtaka mama ashuhudie dhidi ya mlishaji wake na isimlishe baada ya hapo, inamtaka afanye peke yake jambo lililo jukumu la wote.

Wako pia wanaoogopa kumsingizia asiye na hatia, na hofu hiyo ni ya watu wema. Jibu lake ni kwamba kupeleka habari si kuhukumu. Anayepeleka habari husema, nimeona hili, siku hii, mahali hapa. Kazi ya kuchunguza ni ya wenye mamlaka, na ya kuhukumu ni ya hakimu. Kinachowaangamiza wasio na hatia ni kinyume cha taarifa: ni uvumi, ni picha zinazorushwa katika makundi ya simu, ni umati wenye mawe. Taarifa iliyotolewa kwa utulivu na kwa siri humlinda mtoto, na humlinda pia mshukiwa asihukumiwe na mtaa.

Na mtoto akikujia mwenyewe, au ajuza akikushika mkono na kunong'ona, yako mambo machache ya kushika. Sikiliza bila ya kukata maneno wala kuonyesha mshituko, kwa kuwa mtoto akiona uso wako umebadilika atadhani amekosa. Mwambie kwamba unamwamini na kwamba hana kosa. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, maana ahadi hiyo huwezi kuitimiza, naye amekwisha kuhadaiwa vya kutosha. Usimhoji kama wakili, wala usimtilie maneno kinywani kwa kumuuliza, ni fulani, sivyo? Muulize tu, ilikuwaje, kisha yaandike maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe. Usimwendee mshukiwa, kwani utampa nafasi ya kumtisha mtoto au kutoroka. Kama uovu ni wa kingono na ni wa karibuni, mama asimwogeshe mtoto, ingawa moyo wake utamsukuma kumwosha palepale, na asizifue nguo. Azikunje katika karatasi au kitambaa kikavu, asitumie mfuko wa nailoni, aende nazo. Afike hospitali upesi iwezekanavyo, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifai kitu zisipoanzwa ndani ya saa 72.

Mahali pa kupeleka habari pako. Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, mtendaji, au sheha kwa Zanzibar. Afisa ustawi wa jamii. Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Na vituo vya hospitali vinavyoitwa vya Mkono kwa Mkono, ambamo daktari, askari na mshauri hupatikana mahali pamoja ili mtoto asisimulie msiba wake milangoni mwa watu kumi. Nambari ya simu 116 hupigwa bila ya malipo, Tanzania na Kenya vilevile, na anayepiga si lazima ajulikane; Kenya pia ina nambari 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Mlango mmoja ukifungwa, bisha wa pili. Mwenyekiti akisema yule ni mtu wake, nenda kwa ustawi; askari akisema rudi kesho, piga simu.

Nayasema haya nikijua kwamba milango hiyo haifunguki sawasawa. Mzazi huweza kuombwa fedha za mafuta ili mshukiwa akakamatwe. Mtoto huweza kukalishwa benchi moja na aliyemharibu. Kesi huahirishwa hata mashahidi wakachoka na watu wakasema imekufa. Hapa serikali ina deni. Sheria imekwisha kusogea: Tanzania Bara, tangu mwaka 1998 mahakama imeruhusiwa, katika makosa ya kujamiiana, kutia hatiani kwa neno la mtoto peke yake ikiridhika kwamba asema kweli, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 mtoto mdogo huweza kutoa ushahidi bila ya kiapo, kwa ahadi ya kusema kweli na kutosema uongo. Zanzibar ilitunga Sheria ya Watoto mwaka 2011 ambayo mwaka 2015 ilipata tuzo ya dhahabu ya kimataifa kwa ubora wa sera, na mwaka 2021 ikaanzisha mahakama maalum ya makosa ya udhalilishaji. Kilichobaki ni kuzifanya sheria hizo zitembee: afisa ustawi wa jamii awepo katika kila kata, si kwa jina la cheo tu, mkalimani wa alama apatikane, fomu ya polisi ya PF3 isiwe kikwazo kwa mtoto anayevuja damu, atibiwe kwanza na karatasi ifuate, na kila shule, madrasa na kanisa liwe na watu wanaojulikana kwa watoto wote kuwa ndio wa kuambiwa, pamoja na mwanamke kati yao, na wala wasiwe chini ya mkono wa anayeweza kushitakiwa.

Mpango wa taifa wa Tanzania Bara wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, uliopewa jina la MTAKUWWA na kuanza mwaka 2017, uliagiza kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Basi katika mkutano ujao wa mtaa, baada ya habari za taka na ulinzi shirikishi, na asimame mtu mmoja aulize hadharani: kamati yetu ina nani na nani, ilikutana lini mara ya mwisho, imepokea habari ngapi za mateso ya watoto, wazee na walemavu, na ngapi kati ya hizo zilifika mahakamani? Kama hapana mwenye jibu, mkutano usivunjwe mpaka tarehe ya jibu imepangwa na kuandikwa. Raia hakutakiwa kukamata, wala kuchunguza, wala kuhukumu; ametakiwa aone, aseme, na adai kujibiwa, na akifanya matatu hayo hapana mtu atakayemtesa mnyonge katika mtaa wake akiwa na hakika kwamba watu watanyamaza.